Gogo la Chini, Mtaa wa Njegere

Tartu, 19 Februari 1978

Mwanangu Merike,

Pokea salamu za mama yako, za paka, na za jiko letu la matofali ambalo bado linakukumbuka, maana tangu uondoke hakuna mwingine wa kuliegemezea mgongo mpaka chai ipoe. Mimi mzima. Goti linalalamika, lakini goti hili ni kama jirani yetu Hilja, siku lisipolalamika nitajua limekufa.

Soksi nimekutumia jozi mbili na kabichi la kuchachusha mtungi mmoja. Usiwagawie wenzako wa ofisini wakalimaliza. Au wagawie kidogo, wajue mhandisi wao ametoka nyumba gani.

Juzi kwenye foleni ya maziwa Hilja alianza tena habari za mwanawe daktari wa meno. Nikamwacha amalize, kisha nikasema taratibu, "Mwanao anaziba matundu, Hilja. Wangu anachora miji." Foleni nzima ikacheka. Yeye akanuna mpaka mlangoni. Sijisifu mwanangu, nasema kilichopo tu. Mimi niliyeishia darasa la sita, nikafua mashuka ya hospitali miaka ishirini na tisa, nimezaa mtu anayekaa Tallinn na kuchora miji. Ile picha yako ya chekechea bado ipo ukutani karibu na jiko, nyumba yetu na mtufaha wetu ulioinamia kushoto. Ulichora na miti mingine yote ya uani imeinama hivyo hivyo, kama watu wanaosikiliza mlangoni. Mwalimu alitaka kukurekebisha. Nikamwambia aache, ndivyo mtoto anavyoona.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Gogo la chini linalobeba ukuta wa upande wa mtoni limeoza. Nilikuwa naona sakafu inashuka, nikiweka kitunguu mezani kinajiendea chenyewe. Nikamwita mzee Osvald, yule seremala wa kona. Akachomeka kisu, kikazama mpaka kwenye mpini. Akanitazama. "Endla, nyumba yako imekaa juu ya mkate uliolowa." Akasema baridi hii itapita, na ijayo labda. Ya tatu ukuta utakaa chini.

Nikaenda kuomba kibali cha kubadilisha gogo. Bwana mmoja mwenye mkoba wa kahawia akafungua kitabu, akaweka kidole, akafunga. "Mtaa huo hauhitaji matengenezo." Nikamuuliza vipi hauhitaji, wakati kitunguu kinatembea? Akasema, "Mama, una nini huko cha kukitengeneza? Historia?" Wakacheka yeye na karani wake.

Basi historia atapata. Nimenunua daftari la mistari na nimeanza kuandika habari za mtaa wetu tangu mwanzo. Lakini wewe unakaa na wakubwa wa ramani. Neno lako moja, Merike, linatosha. Sema nao.

Mama yako,
Endla


Tallinn, 27 Machi 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimetubana, tunatoka ofisini taa za barabarani zimewaka. Kabichi lilifika, mtungi haukuvunjika. Soksi nimezivaa ninapoandika hapa. Baridi ya bahari ya huku unaijua.

Nimepata viatu vipya vya ngozi, na dirisha la chumba changu sasa linafunga vizuri. Mafua yangu yamekwisha.

Juu ya gogo, mama, usijisumbue sana. Kwa umri wako si vizuri kubeba ndoo kutoka kwenye pampu na kupasua kuni. Kuna fleti mpya zinajengwa ng'ambo ya mto, maji ya moto yanatoka ukutani, unafungua tu. Ukitaka naweza kuulizia nafasi. Fikiria.

Kuhusu wakubwa wa ramani, mimi ni mchoraji tu. Napewa karatasi, nachora. Siulizwi.

Mtufaha bado unazaa?

Wako,
Merike


Tartu, 16 Aprili 1978

Mwanangu,

Marahaba. Salamu kutoka kisiwani, maana wiki hii tuko kisiwani. Mto umekuja uani Jumanne, Alhamisi ukapanda ngazi ya kwanza, na mzee Osvald ameniletea mkate kwa mashua mpaka dirishani kama mimi malkia. Hilja amepoteza nusu ya kuni zake, zimesafiri. Zangu nilizifunga kwa kamba, kama baba alivyonifundisha. Usihofu, maji yameanza kushuka.

Mtufaha unazaa. Swali gani hilo? Uliza kuhusu gogo, si mtufaha.

Na hiyo habari ya maji ya moto yanayotoka ukutani imeniudhi kidogo, nakwambia wazi. Mimi sikuomba maji ya moto. Nimeomba gogo moja la msonobari, mita sita, na karatasi yenye muhuri. Mtu ameomba chumvi, unampa kanzu.

Daftari nimefika ukurasa wa kumi na tisa. Nimeandika kwamba hapa palikuwa bwawa na bustani za mboga, ndiyo maana mitaa ikaitwa Viazi, na Njegere, na Maharage, na watu wa mjini juu kule wakatucheka wakatuita Mji wa Supu. Supilinn. Na jina likaganda. Nimeandika kwamba baba yangu Kaarel alikuwa mtu wa kuelekeza magogo mtoni, na kila Jumamosi alilipwa gogo moja lililopinda ambalo wenye kiwanda hawakulitaka. Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka mitatu, akajenga nyumba ya magogo yaliyokataliwa. Ndiyo sababu kuta zetu hazijawahi kunyooka, lakini zimesimama tangu mwaka ishirini na sita. Nimeandika mafuriko ya thelathini na moja, mimi nikiwa na miaka saba, nilivyolala juu ya jiko na kuku. Nimeandika mwaka arobaini na nne, mji wa mawe ulipoungua wote, na wale waliotucheka wakashuka kwetu na watoto mgongoni. Waliokuwa wakituita supu walikuja kuomba supu. Na tuliwapa! Mama yangu alipika sufuria ile ya kufulia.

Machi ya mwaka arobaini na tisa nimeiruka. Ile familia ya nyumba nambari kumi na moja iliyochukuliwa usiku ikapelekwa mbali isirudi, nimewaachia mstari mtupu. Barua na madaftari hupita mikono mingi.

Nikampelekea yule bwana wa mkoba. Unajua alifanya nini? Akaweka glasi ya chai juu ya jalada. Nikamwambia, "Baba, hicho si kisosi." Akasema, "Mama, acha hapa, tutasoma." Nikarudi baada ya siku tisa. Daftari lilikuwa pale pale, na alama tatu za chai. Nimelichukua nikarudi nalo.

Hilja naye anazidi kunichokoza. Jana anapitisha kichwa kwenye uzio: "Endla, huyo binti yako anayechora miji, mbona ameshindwa kuchora gogo moja?" Nikamwambia wewe okota kuni zako huko ziendako. Lakini Merike, ndani liliniuma.

Nijibu. Si kuhusu viatu.

Mama


Tartu, 14 Mei 1978

Merike,

Salamu. Nyumbani salama. Paka amezaa watatu. Viazi vimeshaingia ardhini.

Wiki nne hujaandika. Nilidhani barua imepotea, nikamgombeza mtu wa posta bure, maskini, imebidi nimpe mayai.

Wametangaza kwamba mpango wa mji umetundikwa kwenye ukumbi wa ofisi za mji ili wananchi wauone. Nikavaa koti langu la kijani, la mahafali yako, tukaenda na Hilja. Njia nzima nilimwambia, "Sasa utaona kazi za wasomi." Nilisema kwa sauti, na ngazini walikuwepo watu.

Ramani ni kubwa kama ukuta wa sebule, na imepakwa rangi vizuri. Nikaanza kuutafuta mtaa wetu kutoka mtoni. Nikapata mto. Nikapata kilima. Katikati ya mto na kilima hakuna Njegere, hakuna Viazi, hakuna Maharage. Kuna majengo ya ghorofa tisa kama viberiti vilivyosimamishwa, na sehemu yetu sisi, pale nyumba ilipo, kuna bustani ya kupumzikia. Kijani tupu. Hilja akaweka kidole. "Hapa ndipo ninapolala mimi? Kwenye benchi?" Hakucheka.

Ndiyo maana mtaa hauhitaji matengenezo. Sasa nimeelewa kitabu cha yule bwana.

Nikasogea karibu, maana macho yangu unayajua. Kwenye ile bustani wamechora miti, midogo, mingi, ipatayo sitini. Mizuri. Mchoraji hakufanya haraka. Kila mmoja umeinamia kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Sikumwambia Hilja kitu. Nilisema goti linauma, turudi nyumbani.

Picha ya ukutani ningali nayo. Nilitaka kuitoa, nikaona msumari utaacha tundu.

Mama


Tallinn, 4 Juni 1978

Mama,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara sita. Sina habari za viatu.

Ni mimi. Karatasi ililetwa mezani kwangu mwezi wa Novemba, ikiwa tupu katikati, nikaambiwa jaza kijani. Hakuna aliyeniuliza kama nina mtu huko, nami sikusema. Walikuwa wakizungumza kuhusu mtaa wa vibanda vilivyooza, vyoo vya nje na mafuriko, nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa pamoja nao, kwa sababu yote ni kweli. Unakumbuka shuleni msichana mmoja alivyosema nguo zangu zinanuka moshi na mto? Wewe ulinijibu, "Mwambie ananusa samaki ambaye kwao hawana uwezo wa kumnunua." Ulicheka. Mimi sikucheka, mama. Nilianza kuosha nywele kwa maji ya baridi kwenye pampu kila asubuhi. Nadhani tangu siku ile nilikuwa naufuta mtaa huo, kabla sijapewa karatasi.

Miti sikujua kama nimeiinamisha. Mkuu wangu aliniambia ninyooshe. Nilisema ni upepo.

Sina uwezo wa kukupatia kibali. Nimeuliza, kwa mara ya kwanza nimeuliza, nikatazamwa kama niliyeomba bomba la dhahabu. Niliyoyasikia nakuandikia tu, fanya nayo utakavyo au usifanye. Majengo yale hayataanza kabla ya miaka kumi, na huenda zaidi, hakuna saruji. Mkaguzi akikuta ukarabati unaendelea bila kibali, anausimamisha na kuamuru kila kitu kirudishwe kama kilivyokuwa. Akikuta umekwisha, hawezi kuamuru gogo lioze tena. Anaandika karatasi ya onyo, karatasi inakwenda kwenye faili.

Mwaka huu mkesha wa sikukuu ya Jaan umeangukia Ijumaa. Saa sita mchana kila mwenye ofisi atakuwa ameshapanda basi kwenda kwao shambani kuwasha moto na kunywa bia, mpaka Jumatatu.

Sitakuja sikukuu hiyo. Siwezi kuingia uani nikamtazama mzee Osvald.

Merike


Tartu, 27 Juni 1978

Mwanangu Merike,

Hapa kuna salamu nyingi sana, kutoka kwa Osvald, kutoka kwa Hilja, kutoka kwa watu kumi na wanne ambao mikono yao ina malengelenge. Mimi sina nyusi. Nitakueleza.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena kibandani kwenye kuni. Nimekasirika nawe, na hasira bado haijaisha, nitakuwa nayo mpaka majira ya baridi pengine. Kuhusu nywele na maji ya baridi nililia kidogo. Nilikuwa nadhani unapenda usafi. Nilikuwa nawasifia majirani: wangu anaosha nywele kila siku! Basi hiyo tuiweke kando.

Nikaenda kwa Osvald. Nikasema, "Mzee, Ijumaa ya mkesha wa Jaan una kazi?" Akasema ana kazi ya kukaa karibu na moto na kunywa bia, kama Mwestonia yeyote. Nikasema, "Na kama mji mzima ungekuwa umeondoka?" Akaweka patasi chini. Kisha akasema, "Jeki ninazo nne."

Gogo sasa. Msonobari wa mita sita siku hizi unautoa wapi? Osvald akaenda nyuma ya banda lake, akaondoa mabati, na pale limelala gogo zuri, limekauka miaka kumi na moja, jeupe kama siagi. Alilitunza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Nikasema siwezi kulichukua. Akasema, "Yangu itasubiri, haina haraka ya kwenda kwenye benchi. Lakini jina langu liwe ukurasa wa kwanza wa hilo daftari." Nikasema ukurasa wa kwanza ni wa baba. Tukabishana robo saa. Tumekubaliana ukurasa wa pili, juu kabisa, herufi kubwa.

Ijumaa saa saba mchana mtaa ulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Majirani walikuja wote. Hilja alikuja na mwanawe daktari wa meno, ambaye alikuwa amefika kula soseji akapewa sululu. Unajua, kijana ana mikono! Nimemwambia Hilja hivyo, japo mara moja tu.

Osvald akaweka jeki nne, akatoa amri kama nahodha. "Jeki ya kwanza, nusu mzunguko! Ya pili! Ngoja! Nani anakohoa? Usikohoe kwenye jeki!" Nyumba ikalia. Merike, ililia kama ng'ombe anayezaa. Misumari ya baba ilikuwa ikiongea mmoja mmoja. Nikasimama nimeshika ukuta kwa kiganja, kana kwamba ningeweza kuuzuia.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao utasimuliwa mtaani nikishazikwa. Unajua nyumba zetu, jiko limejengwa chini kwenye ardhi, lina miguu yake. Nyumba ikipanda, jiko linabaki. Kila mtoto wa Njegere anajua kwamba siku ya kuinua nyumba unazima moto na unalegeza shingo ya bomba la moshi darini. Bomba Osvald alililegeza. Moto je? Watu kumi na wanne wanakuja kunifanyia kazi, mimi niwape mkate wa dukani? Nilikuwa ndani na mikate minne ya shayiri na bamba la keki, na moto umejaa mdomoni mwa jiko. Nikasahau kabisa. Nyumba ikapanda upana wa kiganja, shingo ya bomba ikaachana na dari, na moshi wote, wote, ukashuka sebuleni. Nikakimbia kuokoa mikate. Nyusi ziliondoka hapo.

Moshi ukatoka madirishani na mlangoni, mweusi. Osvald anapiga kelele, "Usishushe! Nyumba iko hewani, hakuna kushusha!" Hilja anapiga kelele, "Endla, toka, acha mikate!" Nami ndani: "Siachi!" Na katikati ya hayo, nani anapita na baiskeli? Askari. Kijana, amebaki zamu peke yake mji mzima, ana huzuni usoni. Akasimama kwenye uzio.

"Kuna nini hapa?"

Mwana wa Hilja, na sululu mkononi, koti lake jeupe limekuwa jeusi kwa moshi, akasema, "Moto wa Jaan."

Askari akatazama nyumba inayofuka moshi. Akatazama jeki. "Ndani ya nyumba?"

Nami nikatoka na mkate, uso mweusi, nikasema, "Mwanangu, sisi wa mtoni tuna mila zetu. Chukua, bado wa moto." Akachukua. Akala pale pale kwenye uzio. Akasema mama yake huweka jira ndani. Nikasema mimi pia, ila leo moshi umeimeza. Akapanda baiskeli akaenda. Kila kilima na kila shamba siku ile kulikuwa na moshi angani, Merike. Wetu haukuonekana tofauti.

Jua lilikuwa bado juu ya mto walipolitoa gogo la zamani. Lilitoka kwa koleo, kama mboji. Jipya likaingia kwa nyundo tisa za mbao. Osvald akashusha jeki robo kwa robo, nyumba ikakaa. Nikaweka kitunguu mezani. Watu kumi na wanne walikuwa wamesimama wakitazama kitunguu. Hakikwenda popote. Daktari wa meno akapiga makofi!

Jumatatu mkaguzi hakuja. Leo amekuja, yule yule wa mkoba. Ameinama, ametazama gogo jeupe, ametazama nyusi zangu zisizokuwepo. "Hili limewekwa lini?" Nikasema, "Limekwisha kuwekwa." Akaandika karatasi. Nimeitundika chooni, siyo kwa dharau, ndiko kwenye msumari ulio wazi.

Sasa mambo mawili, usiseme sikukwambia.

La kwanza, mlango wa chumba chako haufunguki. Baba aliuchonga kufuata upindo wa ukuta, na sasa ukuta umenyooka, mlango umebaki umepinda. Osvald alitaka kuuranda pale pale. Nimemkataza. Vitu vyako vimo humo ndani na hakuna mtu atakayeingia.

La pili, daftari nimekutumia pamoja na barua hii, lina maneno kurasa hamsini na moja na halina ramani. Mimi nyumba siwezi kuchora, nikichora inaonekana ng'ombe. Ofisi ina ramani ya mtaa usiokuwepo. Nataka ya mtaa uliopo. Kurasa mbili za katikati nimeziacha tupu. Nimezihesabu nyumba za Njegere, ni thelathini na nane.

Nami sitaandika tena mpaka zichorwe.

Mama yako asiye na nyusi


Tallinn, 10 Septemba 1978

Mama,

Shikamoo, na salamu kwa wote kumi na wanne. Nyusi zimeota?

Umetimiza neno lako, hukuandika majira yote ya joto. Nilikuwa nakwenda kwenye sanduku la barua kila siku hata Jumapili.

Ramani imo ndani ya bahasha hii. Nimeichora jioni, nyumbani, si kwa karatasi ya ofisi. Nimeweka pampu mbili, banda la mashua, uzio wa Hilja na tundu lake la kuchungulia. Nilidhani sikumbuki kitu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kila ngazi, kila kizingiti nilichoangukia. Thelathini na saba nimezijaza majina. Nyumba nambari kumi na moja nimeichora, lakini jina la waliokaa humo silijui, na sikumbuki kama niliwahi kulisikia. Walikuwa akina nani?

Nakala moja, pamoja na maneno yako niliyoyapiga chapa, nimeipeleka kwa watu wanaoshughulikia majengo ya zamani. Hawakusema ndiyo. Hawakusema hapana. Mmoja alitazama daftari lenyewe, akauliza alama za duara jaladani ni za nini, nikasema ni sehemu ya historia. Mpango bado umetundikwa, mama, na jina langu liko kwenye pembe, dogo. Sitaki nikudanganye kwamba nimeutoa.

Usimwite Osvald. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mlango ule nitauranda mwenyewe.

Merike


Tartu, 13 Septemba 1978

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Moja imeota, ya pili inafikiria.

Ramani imefika, nimeilaza mezani na haiteremki. Mtufaha umeuinamisha sawasawa. Wa nambari kumi na moja nitakwambia ukifika, kwa mdomo, na wewe ndiye utakayeandika.

Nimemwonyesha Hilja. Alipata nyumba yake, akapitisha kidole kwenye uzio. Nikamwambia, "Unaona? Binti yangu ndiye aliyeuchora mtaa." Akanitazama, mjanja yule. Akasema, "Mtaa upi, Endla? Huu, au ule wa ukumbini wenye miti iliyoinama?" Kumbe aliitambua miti siku ile ile, maana picha yako ya karibu na jiko ameiona mara mia, na miezi yote hii amenyamaza, Hilja, ambaye hajawahi kunyamaza.

Ningeweza kusema huu tu. Nimemwambia yote miwili.

Akasema, "Basi Jumamosi nitaleta keki." Tunda la kwanza la mtufaha nimekuwekea dirishani. Randa nimeinoa, iko mezani.

Mama